Humo Ndani Mna Nini

Baba alikuwa na namna mbili za kumeza. Chakula alikianza kwa bismillahi ya sauti, hata akiwa peke yake barazani na hakuna wa kumsikia. Vidonge vyake vya presha alivimeza kimyakimya, upesi, uso ameuelekeza ukutani, kama mtu anayelipa deni ambalo hakumbuki kulikopa. Niliiona tofauti hiyo kwa miaka, mimi binti yake na mimi muuguzi, wala sikumuuliza.

Uuguzi nimeufanya miaka 31, mingi kati ya hiyo katika kliniki ya mama na mtoto wilayani Muheza, mkoa wa Tanga. Msafiri wa basi akipita kwetu wakati wa msimu haulizi amefika wapi: machungwa yamejaa kando ya barabara, mengine kwenye matenga, mengine yamerundikwa juu ya turubai, ganda bado la kijani ingawa ndani yameiva na sukari imekolea. Kila asubuhi, kabla ya kuwapima watoto uzito, tulitoa elimu ya afya. Akina mama wameketi kwenye mabenchi, kadi mkononi, na mimi nimesimama mbele yao na ungo wa mboga nilizochuma nyumbani au kununua njiani: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde, na ule mchunga mchungu ambao mgeni wa Tanga huonja mara moja na kuusukuma pembeni. Nilikuwa na sentensi yangu. Mimi naianza, wao wanaimalizia kwa pamoja: "Mboga ni…" "Dawa!"

Nilifundisha kwa moyo wote, na niliyoyafundisha nayaamini hadi leo. Mchicha una madini ya chuma, na chuma ndicho mwili unachotumia kutengeneza ule wekundu wa damu unaobeba hewa. Lakini chuma cha majani si chepesi kufyonzwa kama cha nyama au dagaa, na mchicha wenyewe una vitu vinavyokizuia. Kamua ndimu juu ya sahani, au kula chungwa mara baada ya ugali, vitamini C itakifungulia njia. Chai ya rangi isinywewe papo hapo na chakula, kwa sababu tanini zake hukishika chuma kisipite; subiri saa moja au mbili. Mchicha usichemshwe kwa maji mengi kisha yakamwagwa, maana vitamini C na foleti huondoka na maji hayo. Tui la nazi nalo si anasa: ile vitamini A tunayoipata katika majani ya kijani, maboga, maembe na mapapai inahitaji mafuta ili mwili uipokee. Kisamvu kitwangwe hasa na kichemke sana, kwa kuwa kina sumu ya sianidi, na kule kutwanga ndiko kunakoifukuza. Nilipokuwa nikieleza hayo niliwaona wale bibi waliowasindikiza wakaza wana zao wakitabasamu. Walikuwa wakitwanga kisamvu, wakipika mchicha kwa nazi na kuukamulia ndimu tangu mimi sijazaliwa. Nilichowaletea ni sababu tu.

Hata kile kidonge tulichowagawia wajawazito, chenye chuma na asidi ya foliki, kina jina la jani. Foliki limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani, kwa sababu mwaka 1941 wanasayansi waliipata asidi hiyo katika majani ya spinachi. Nilipenda kuwaeleza hivyo wale waliokikataa kwa madai kwamba kinanuka na kinachafua roho. Niliwaambia, mwanangu, hiki ni mchicha umefupishwa.

Baba alikuwa akinisikia nikifanya mazoezi ya somo nyumbani tangu nikiwa kijana kazini. Sentensi yangu aliijua vizuri kuliko akina mama wa kliniki.

Presha yake ilipogunduliwa ilikuwa 190 kwa 110. Vidonge viliishusha, akawa anatembea hadi msikitini na kurudi bila kizunguzungu. Kisha siku moja stendi alimkuta mtu mwenye kipaza sauti anauza unga wa mlonge na kitunguu saumu kilichosagwa, dawa ya magonjwa 300, na kila pumzi analitaja jina la Mungu. Baba akanunua. Vidonge vya hospitali akavifungia kwenye mtoto wa meza. Mimi nilikuwa namtembelea kila Jumapili, nikauona ule unga kwenye kopo mezani, nikafurahi. Nikamsifu. Mlonge ni jani jema, lina vitamini A, lina chuma, lina protini, na mimi mwenyewe nimeupanda uani. Sikufungua mtoto wa meza. Miezi minne baadaye, kabla ya alfajiri, alianguka akichukua udhu. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na nusu ya maneno yake.

Maneno yaliporudi, yakiwa mazito bado, aliniambia hivi: "Mwanangu, ni wewe uliyesema mboga ni dawa. Na mponyaji ni Mungu, hilo hatubishani. Basi kidonge cha nini?"

Nimeishi na swali hilo kuliko ninavyoishi na swali lolote la dini. Sentensi zote mbili nazikubali. Mboga ni dawa, niliisema maelfu ya mara. Mponyaji ni Mungu, naisema katika kila sala. Ilikuwaje basi kweli mbili zikakutana katika nyumba ya mzee mmoja na kumwangusha?

Kosa la kwanza niliona liko katika neno lenyewe. Kiswahili chetu kimeliachia neno dawa uwanja mpana mno. Tuna dawa ya meno na dawa ya mbu, dawa ya viatu, dawa ya mapenzi, na dawa ya moto ni moto. Dawa ni chochote kinacholimudu jambo. Upana huo una hekima yake, kwa sababu haumtenganishi mgonjwa na jiko lake. Lakini mtu wa stendi anaishi humo humo katika upana huo. Nilipowaambia akina mama kwamba mboga ni dawa nilikuwa na maana moja. Baba alipoisikia alipokea nyingine, na neno lilikuwa lile lile.

Kwenye darsa yetu ya wanawake, tunayokaa kila Alhamisi baada ya alasiri, tulifika kwenye mlango wa tawakali katika kitabu cha Ihya cha Imamu al-Ghazali, yule mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111. Maalim alitusomea na kutufasiria taratibu, na mimi nikaacha kuandika nikabaki kusikiliza tu. Al-Ghazali anazigawa sababu zinazoondoa madhara katika daraja tatu. Kuna za yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa. Kuna za dhana, ambazo kwa kawaida husaidia lakini si lazima, na humo anaziweka dawa za matabibu wa zama zake. Na kuna za wahamu, zinazotumainiwa bila ya msingi wa kutosha. Anayeziacha za kwanza kwa kudai kwamba amemtegemea Mungu hana tawakali, na akihofia kufa kwa kiu huku maji yako mbele yake, kuyaacha ni haramu. Anayezitumia za pili hajapunguza tawakali yake. Za tatu ndizo ambazo mwenye tawakali anatakiwa kuziweka kando.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikijiuliza mchicha uko wapi. Nilitembea kutoka mtaa mmoja hadi mwingine nikiwa bado naupandisha na kuushusha. Jibu nililolipata usiku ule ndilo ninalolishikilia: jani lile lile moja limekaa katika daraja zote tatu, na kinachoamua ni lile unalolitaka kwake. Ukilitaka likulishe, liko pamoja na mkate na maji, ni yakini. Mwili usiopata kabisa vitamini C kwa miezi utaumwa kiseyeye, fizi zitavimba na kutoka damu, majeraha hayatafunga. Hakuna mwili wa mwanadamu uliosamehewa. Ukilitaka likupunguzie presha, umeingia kwenye dhana, na dhana hiyo imepimwa. Mwaka 1997 Wamarekani walichapisha utafiti wa watu 459 waliogawanywa katika milo tofauti, mmoja wao ukiwa na matunda na mboga kwa wingi pamoja na maziwa yasiyo na mafuta mengi. Wale wenye presha waliokula mlo huo, ndani ya wiki nane, namba yao ya juu ilishuka kwa wastani wa 11 kuliko ya waliobaki na mlo wa kawaida. Ni jambo kubwa kwa chakula tu. Sasa itoe 11 kwenye 190 ya baba yangu. Zinabaki 179, na mishipa ya kichwa bado inagongwa. Na ukilitaka jani hilo likuponye magonjwa 300, umeshuka nalo hadi kwenye wahamu, hata kama unalitafuna kwa bismillahi.

Kidonge cha baba, kwa hesabu hiyo hiyo, nathubutu kusema kimepanda daraja. Al-Ghazali aliziweka dawa kwenye dhana kwa sababu dawa alizozijua zilikuwa hivyo. Kitu ambacho kimepimwa kwa maelfu ya watu, kikashusha presha mwaka baada ya mwaka, kiko karibu na mkate kuliko kilivyo karibu na kopo la stendi. Maalim wetu hakunikatalia wala hakunikubalia. Alisema nimeuliza swali la mtu aliyezika au aliyekaribia kuzika.

Kuna watakaonirejesha kwenye habasoda, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, ameieleza kuwa ni shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa kifo. Hadithi hiyo naijua. Bibi yangu aliisaga habasoda na asali, na chupa yake ilikuwa ya kwanza kunuswa kila nilipopata mafua. Lakini naijua pia kazi ya wanazuoni. Al-Khattabi, mmoja wa wafafanuzi wa kale wa hadithi, alilieleza neno "kila" pale kuwa ni neno la jumla lililokusudiwa mambo mahususi. Waliomtangulia baba yangu katika imani kwa miaka elfu moja hawakuona aibu kuuliza maneno ya Mtume yana mipaka gani. Muuza unga wa mlonge hatumuulizi chochote.

Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, tuliyemwita Babu. Kikombe kilikuwa shilingi 500, mti ukiitwa mugariga. Magari yalijipanga kilomita na kilomita, na wagonjwa walifia foleni. Sitaki kumhukumu marehemu. Ninachokikumbuka ni maelezo yake kwamba nguvu haimo katika mzizi peke yake, imo katika neno la Mungu kupitia mkono wake, hivyo mwingine akiuchemsha mzizi ule ule hautafanya kazi. Wengi waliliona hilo kuwa ndilo thibitisho la imani. Mimi, Muislamu niliyesimama mbali, niliona ndipo mlango wa kuuliza unapofungwa. Chungwa haliulizi mkono wa nani umelimenya. Linamlisha aliyesali na asiyesali, na mimi katika ukarimu huo usiobagua naiona rehema kuliko ninavyoiona katika kikombe kinachohitaji mkono mmoja tu.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu pwani yetu ina kisa chake.

Mtoto wa dada yangu anafundisha historia Mombasa. Ndiye aliyenionyesha kwamba lile swali la baba liliwahi kuulizwa hapa hapa pwani, na kwamba lilijibiwa vibaya. Januari 1498, merikebu za Vasco da Gama zikiwa pwani ya Msumbiji, mabaharia walianza kuvimba mikono na miguu, na fizi zikaota juu ya meno hadi wakashindwa kula. Kilikuwa kiseyeye. Tarehe 7 Aprili walifika Mombasa. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, na machungwa na malimau kwa wingi, na miwa. Mmoja wao alikuwa akiandika habari za safari siku kwa siku. Akaandika kwamba wagonjwa wao wote walipona Mombasa, kwamba ilikuwa rehema ya Mungu, na kwamba hewa ya mji ule ni nzuri sana.

Nilisoma mahali pale nikaweka kitabu chini. Machungwa aliyaandika mwenyewe kwenye kurasa zile zile. Rehema aliiona. Hewa aliisifu. Ila hakuunganisha.

Kisha wakaenda India, na walipokuwa wakirudi, kutoka Oktoba 1498 hadi Januari 1499, wakakaa baharini karibu miezi mitatu bila kuona nchi kavu. Kiseyeye kikarudi. Walikufa watu kama thelathini katika kuvuka huko, na kila merikebu ikabaki na watu saba au wanane wenye nguvu ya kushika kazi. Walipotia nanga Malindi nahodha alituma mtu akaombe machungwa, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiyatamani mno. Yaliletwa. Wengi walifia pale pale, wameshachelewa. Miili yao ilikuwa imekwisha kujua kitu ambacho vichwa vyao havikukiandika.

Miaka 249 baada ya ile nanga ya Mombasa, mwaka 1747, daktari wa meli Mskoti, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila wawili akawapa kitu chao. Waliopewa machungwa na malimau walisimama ndani ya wiki moja. Hata hivyo jeshi la majini la Uingereza halikuagiza maji ya limau kwa meli zake hadi 1795, na kitu chenyewe kilichomo katika chungwa hakikushikwa na mkono wa mtu hadi Albert Szent-Györgyi alipokitenga, mwaka 1928.

Nimewahi kumsikia mtu mwema, mcha Mungu, akisema kwamba kulichambua chungwa hadi kuitaja vitamini ni kumpokonya Mungu shukrani yake. Naelewa hofu yake. Lakini yule mwandishi wa merikebu alishukuru. Shukrani yake naamini ilikuwa ya kweli, mtu aliyeona kifo usoni hashukuru kwa unafiki. Tatizo ni kwamba alishukuru akanyamaza. Hakuuliza rehema ile imepita mlango gani. Angeuliza, huenda zile mbao za meli zingebeba malimau, na wale thelathini wangewaona watoto wao Ureno. Siwezi kukubali kwamba Mungu hupendezwa zaidi na shukrani isiyouliza.

Al-Ghazali mwenyewe, katika kitabu cha subira na shukrani, anasema shukrani inasimama juu ya mambo matatu: elimu, hali ya moyo, na tendo. Elimu inatangulia. Na akitaka kuonyesha neema hazihesabiki, anachukua tonge moja la chakula na kuanza kulifuata: mkulima, mhunzi aliyefua jembe, mvua, kinu, moto, meno, mate, tumbo, ini. Kurasa na kurasa kwa tonge moja! Nilipoyasikia hayo kwenye darsa nilijua kazi yangu ya kliniki ilikuwa mwendelezo wa kurasa hizo. Al-Ghazali alilifuata tonge hadi pale elimu ya zama zake ilipomfikisha. Sisi tumepewa kuona hatua kadhaa mbele: foleti inavyomsaidia mtoto uti wa mgongo wake ufunge katika wiki za mwanzo, kabla hata mama hajajua kuwa ni mjamzito. Sura ya Abasa, ambayo baba aliisoma katika tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, inamtaka mwanadamu akitazame chakula chake. Kutazama si kupitisha macho.

Kuna jambo jingine ambalo lilinijia nikiwa nalisha mbuzi. Mbuzi haumwi kiseyeye. Mwili wake unajitengenezea vitamini C mwenyewe, kwenye ini, kutokana na sukari. Mbwa vilevile, ng'ombe vilevile. Yule kondoo wa mfalme wa Mombasa alipandishwa melini akiwa amebeba ndani yake uwezo ambao mabaharia waliomchinja walikuwa wakifa kwa kuukosa. Sisi wanadamu, pamoja na nyani na wanyama wachache, hatuna uwezo huo. Ile kazi katika miili yetu imevunjika. Kiumbe anayejiita bora wa viumbe anamtegemea mchungwa kwa jambo ambalo mbuzi anajitosheleza.

Wataalamu wanasema haikutugharimu kitu, kwa sababu wazee wetu wa kale kabisa waliishi kwenye matunda tele. Sawa. Mimi katika pengo hilo nasoma kitu kingine pia, bila kukanusha hicho. Kutegemea tulifundishwa misikitini kama sifa ya roho: mja ni fakiri, Mola ndiye tajiri. Sikujua kwamba ufakiri huo umeandikwa kwenye ini. Kila chungwa ninalokula linaziba pengo ambalo nimezaliwa nalo na ambalo halizibiki moja kwa moja, kesho liko wazi tena. Kwa nini niumbwe nikimhitaji mti? Sina jibu la mwisho, lakini mtu aliyehitaji mti hawezi kuukata kwa wepesi, na mtu anayehitaji tunda la leo hawezi kudai kwamba alijitosheleza jana.

Shukrani iliyonishinda mimi ni nyingine. Mara mbili kwa mwaka tuliwapa watoto matone ya vitamini A, kapsuli ya bluu kwa wa miezi 6 hadi 11, nyekundu kwa waliovuka mwaka hadi wafike mitano. Unakata ncha kwa mkasi, unakamua mdomoni, mtoto anakunja uso, kazi imekwisha. Upungufu wa vitamini hiyo huanza kwa mtoto kutoona jioni, anajigonga kwenye viti, kisha jicho linakauka, na mwisho linaharibika moja kwa moja. Niliwakamulia watoto wasiohesabika. Hakuna mama hata mmoja aliyerudi kunishukuru kwa sababu mwanawe hakupofuka. Angejuaje? Mimi mwenyewe simjui ni yupi. Katika watoto wale wanaocheza mpira leo nyuma ya shule, yumo ambaye angeshikwa mkono na mwenzake, na hatajulikana kamwe, si kwangu, si kwa mama yake, si kwake. Vivyo hivyo mjukuu anayekula papai na mchicha wa nazi. Anayeponywa kwenye kikombe au kwenye mkutano wa maombi anasimama kutoa ushuhuda. Anayekula vizuri hana ushuhuda. Ana siku za kawaida tu, moja baada ya nyingine. Naamini sehemu kubwa ya rehema ya Mungu juu yetu ina umbo hilo la jambo ambalo halikutokea, na dua zetu hazina maneno ya kutosha kwa ajili yake.

Nisije nikaonekana nimehama kutoka kuabudu jani hadi kuabudu vitamini. Nilipokuwa kwenye mafunzo ya kujiendeleza tulisomeshwa habari za Finland, ambako wanaume wavuta sigara 29,133 waligawanywa, baadhi yao wakapewa vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti na papai. Ilikuwa imeonekana kwamba wanaokula mboga na matunda hayo hupata saratani ya mapafu kwa uchache, basi wakadhani siri imo humo. Matokeo yakatoka mwaka 1994: waliopewa kidonge saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18. Karoti haikuwa imesema uongo. Sisi tulilichomoa neno moja ndani yake tukadhani tumesikia maneno yote. Na hata tunda zima lina adabu zake. Balungi hugombana na baadhi ya vidonge vya presha, vikakaa mwilini kwa wingi kupita kiasi. Mwenye figo zilizochoka huambiwa apunguze ndizi na machungwa kwa ajili ya potasiamu ile ile inayomfaa jirani yake. Ndiyo maana sikubali tena sentensi fupi. Kabla sijastaafu niliibadilisha ile yangu. Akina mama wapya waliitikia kwa uvivu, kwa sababu ilikuwa ndefu na haina mdundo: mboga ni chakula, kula kila siku, na kidonge ulichopewa usikiache bila kutuuliza.

Baba aliishi miaka mitano baada ya kuanguka. Mkono wa kulia haukurudi. Kula kwa kushoto kulimuumiza kuliko kiharusi chenyewe. Alikuwa akifunika sahani akimwona mgeni, hadi Maalim alipokuja kumwambia kwamba dharura ina hukumu yake na Mungu hamkalifishi mtu asichokiweza. Jioni nilimmenyea chungwa la Muheza, nikalitoa utando na mbegu, nikampangia vipande sahanini ili asipaliwe. Ndipo alipoanza ule mtindo wake. Kabla ya kuchukua kipande ananiuliza: "Hebu nambie tena, humo ndani mna nini?"

Namwambia. Mna vitamini C, baba, inayofunga vidonda na kushika fizi. Alhamdulillahi, anakula kipande. Mna foleti ya damu. Alhamdulillahi. Mna potasiamu, daktari ameipima figo yako, unaruhusiwa. Mna nyuzinyuzi za tumbo. Mna maji, mna sukari yake. Baadhi ya siku alijua majina yote na bado akauliza, na mimi nikamjibu yote upya.

Jioni moja vipande vilikwisha, nikampa kidonge na glasi ya maji. Alikiweka kwenye kiganja cha kushoto, akakitazama kwa muda mrefu. "Na humu?" akauliza. Nikamweleza kinavyoilegeza mishipa ya damu ili moyo usisukume kwa taabu. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha, kwa ile sauti yake ya barazani, akasema bismillahi, na akakimeza akiwa amenitazama.